Kumtoa Mwanafunzi Katika Ugeni: Somo kwa Wazazi na Wakazi wa Kata

Kila ifikapo Januari, shule za sekondari za kata hupokea wanafunzi wapya wa Kidato cha Kwanza. Wengi wao hutoka katika shule za msingi walizozizoea tangu utotoni, ambako walimu waliwajua kwa majina na kuwafahamu wazazi wao. Ghafla hujikuta miongoni mwa mamia ya sura ngeni, mbele ya walimu wanaobadilika kila kipindi, wakifundishwa kwa lugha ambayo hawajaimudu. Baada ya majuma machache, baadhi yao huanza kukosekana darasani. Majina yao huingizwa katika orodha ya watoro, barua hupelekwa kwa mtendaji wa kijiji au wa mtaa, na mzazi huitwa ajieleze. Mara nyingi hatua hizo huchukuliwa wakati mtoto amekwisha kukata shauri moyoni mwake kwamba shule ile si mahali pake.

Somo hili linahusu kipindi kinachoutangulia utoro, yaani majuma yale ambayo mtoto bado anakuja shuleni lakini hajajiona kuwa wa shule hiyo. Baada ya kulisoma, mkazi anatarajiwa aweze kufanya mambo matatu: kueleza maana ya mwanafunzi kujiona mwenyeji shuleni, kutambua dalili za mwanafunzi aliyebaki mgeni, na kuchagua hatua ambayo yeye mwenyewe, akiwa mzazi, jirani, mjumbe wa bodi ya shule au kiongozi wa kitongoji, anaweza kuichukua bila kusubiri bajeti.

1. Maana ya kuwa mwenyeji shuleni

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa mara nyingi kumkumbusha mgeni asikae bure katika nyumba ya watu. Lakini ina upande wa pili usiosemwa sana. Anayepewa jembe amehesabiwa. Ameonyeshwa shamba, amepewa sehemu yake ya kulima, na jioni atakula chakula ambacho mkono wake umekitolea jasho. Tangu siku hiyo, akikosekana, shimo lake litaonekana.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mwanafunzi. Kuandikishwa kunampa namba katika rejista, lakini uwenyeji ni jambo jingine. Mwaka 1993 mtafiti wa elimu wa Marekani, Carol Goodenow, alichapisha kipimo cha maswali 18 cha kuwauliza wanafunzi ni kwa kiasi gani wanajiona kuwa sehemu ya shule yao. Katika maelezo yake, hali hiyo ina nguzo nne: mwanafunzi anaona kwamba wenziwe na walimu wamemkubali, wanamheshimu, wanamshirikisha na wanamsaidia.

Nguzo hizo hazina maana ya kumdekeza mtoto. Mwanafunzi aliye mwenyeji hukosolewa, hupewa kazi ngumu, hufeli jaribio na kuambiwa alirudie. Tofauti ni kwamba akikosolewa anaelewa kuwa anatakiwa afanye vizuri zaidi, wakati mwanafunzi aliye mgeni huyapokea maneno yale yale kama ushahidi kwamba hakustahili kuwapo. Alama 20 kati ya 100 zikiandikwa katika madaftari mawili, mtoto mmoja huuliza, "Nisome vipi?" na mwingine hujiuliza, "Nimekuja kufanya nini hapa?"

2. Kwa nini jambo hili lina uzito

Wanasaikolojia Roy Baumeister na Mark Leary, katika makala yao ya mwaka 1995 inayotajwa sana hadi leo, walieleza kwamba haja ya kuwa sehemu ya watu wengine ni miongoni mwa haja za msingi za binadamu. Mtu aliyeikosa hutumia nguvu nyingi za akili kuitafuta au kujikinga na maumivu ya kuikosa. Mwalimu yeyote ameyaona hayo darasani. Mtoto anayeogopa kuchekwa hasikilizi swali, maana anasikiliza kama kuna atakayecheka.

Takwimu za elimu zinazotolewa na Serikali zimekuwa zikionyesha utoro kuwa sababu kuu ya wanafunzi kuacha shule. Hapa panahitaji kutafakariwa. Neno "utoro" hutaja kitendo cha kutokuja, wala halielezi kwa nini mtoto hakuja. Likiandikwa katika safu ya sababu, huwa kama daktari aliyeandika kwamba mgonjwa amelala kitandani kwa sababu hasimami. Nyuma ya utoro panaweza kuwapo njaa, umbali, kazi za nyumbani, ujauzito, aibu ya sare iliyochanika au woga wa kiranja mmoja. Panaweza pia kuwapo jambo ambalo mtoto mwenyewe hana neno la kulitaja, yaani kuhisi kwamba akija au asipokuja ni mamoja, kwa kuwa hakuna atakayeliona pengo lake.

Je, hali hiyo inaweza kubadilishwa? Utafiti mmoja unatoa jibu lenye sehemu mbili, na zote mbili ni muhimu. Mwaka 2011, Gregory Walton na Geoffrey Cohen walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisoma maelezo ya wanafunzi waliowatangulia, waliosema kwamba nao mwanzoni walijiona wageni na wapweke, kisha hali hiyo ikapita kadiri siku zilivyosonga. Baada ya hapo kila mmoja aliandika kwa maneno yake namna jambo hilo lilivyomhusu, ili maandishi yake yawafae watakaokuja nyuma. Kazi yote ilichukua kama saa moja. Katika miaka mitatu iliyofuata, alama za wanafunzi Wamarekani weusi walioshiriki zilipanda, na pengo kati yao na wanafunzi weupe likapungua kwa nusu.

Sehemu ya pili ya jibu ilikuja mwaka 2023. Walton na wenzake walichapisha matokeo ya somo la aina hiyo hiyo, lililotolewa kwa wanafunzi 26,911 katika vyuo 22. Safari hii ilidhihirika kwamba maneno mazuri yalisaidia pale tu ambapo chuo chenyewe kiliwapa wanafunzi wa kundi lao nafasi halisi ya kuwa wenyeji. Palipokosekana nafasi hiyo, somo halikuzaa matunda. Kwa wakazi wa kata, funzo ni hili: hotuba ya kuwakaribisha wanafunzi siku ya kwanza ina faida, lakini haitoshi iwapo kesho yake mtoto huyo huyo anasimamishwa pembeni wakati wenzake wanakula.

3. Mahali ugeni unapoanzia

Shule nyingi za kata zilijengwa kwa nguvu za wananchi pamoja na Serikali wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004. Wazazi walisomba mawe na mchanga, wakafyatua matofali. Tangu Januari 2016 ada imefutwa hadi Kidato cha Nne, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 hadi Kidato cha Sita. Mlango wa shule umefunguliwa kwa watoto wengi ambao zamani wasingeufikia. Hata hivyo, yapo mambo ambayo humfanya mtoto aliyekwisha kuingia ajione yungali nje.

La kwanza ni lugha. Mtoto aliyesoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili huanza sekondari akifundishwa kwa Kiingereza. Majuma ya mwanzo hutengwa kwa kozi ya kumwandaa, lakini majuma hayo ni machache. Mwanafunzi aliyekuwa hodari wa kujibu maswali akiwa Darasa la Saba huwa bubu Kidato cha Kwanza, na wenzake wapya hudhani ndivyo alivyo. Katika baadhi ya shule umekuwapo mtindo wa kumvisha kibao shingoni anayeonekana akizungumza Kiswahili. Adhabu ya namna hiyo humfundisha mtoto kunyamaza, na lugha haifunzwi kwa kunyamaza.

La pili ni chakula. Kwa utaratibu wa elimu bila ada, chakula cha mwanafunzi wa kutwa ni jukumu la mzazi. Wazazi wa shule nyingi hukubaliana kutoa mahindi, maharage na fedha kidogo za mpishi. Utaratibu huo ni mwema. Tatizo hutokea pale ambapo majina ya wasiochangiwa husomwa mbele ya wote, au watoto hao huambiwa wakae chini ya mwembe hadi wenzao wamalize. Mtoto hana shamba wala ghala, lakini yeye ndiye anayebeba aibu ya deni.

La tatu ni sare na vifaa. Serikali imekuwa ikielekeza kwamba mwanafunzi aliyechaguliwa asizuiwe kuanza masomo kwa kukosa sare. Lakini kupokelewa ni hatua ya kwanza tu. Mtoto anayekuja na sare ya shule ya msingi kwa miezi mitatu huulizwa kila asubuhi mstarini, na kila asubuhi hurudia jibu lile lile mbele ya umati.

La nne ni tofauti za kimaumbile na za kimaisha. Wamo wanafunzi wenye ulemavu, wenye ualbino, wasioona vizuri ubao na hawathubutu kusema, na yatima wanaolelewa na bibi. Wamo watoto wa wafugaji na wa vibarua wa mashambani, ambao huhamia shule katikati ya mwaka, wakati makundi ya urafiki yamekwisha kuundwa. Majina ya kejeli huwafuata, na mara nyingi watu wazima huyachukulia kuwa utani.

La tano ni kurudi. Kwa Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, wakiwamo wasichana waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurejea masomoni. Waraka umefungua lango. Msichana anayelipita lango hilo huku mtoto wake akiwa nyumbani bado hukutana na minong'ono ya wenzake, macho ya majirani njiani, na pengine dhihaka ya mtu mzima aliyetarajiwa kumlinda. Huyu ndiye mwanafunzi aliye katika hatari kubwa ya kuondoka mara ya pili, na akiondoka safari hii ni vigumu kumrudisha.

4. Dalili za kuangalia

Ugeni hauna kelele. Mwanafunzi mtukutu huonekana upesi, lakini aliyejitenga anaweza kukaa muhula mzima bila mtu kumtilia maanani, kwa kuwa hamsumbui yeyote. Mzazi na mwalimu wanashauriwa kuangalia dalili zifuatazo:

- Mtoto huumwa tumbo au kichwa asubuhi za siku za shule, na hupona mchana.
- Hutoka nyumbani mapema lakini hufika shuleni akiwa amechelewa, au hufika na kukaa karibu na lango.
- Hamtaji rafiki hata mmoja wa shule kwa jina, hata akiulizwa.
- Wakati wa mapumziko hubaki darasani peke yake, au huzunguka nyuma ya majengo.
- Husema "shule yao" na "walimu wao", wala hasemi "shule yetu".
- Daftari lake lina kurasa nyingi zilizonakiliwa vizuri, lakini hajawahi kuuliza wala kujibu swali.
- Hukosa shule siku zile zile kila juma, kwa mfano siku za michezo, za kazi za mikono au za somo fulani.

Dalili moja pekee haithibitishi jambo. Zikiwa mbili au tatu kwa majuma mawili mfululizo, ni wakati wa kuzungumza na mtoto kwa utulivu, kabla rejista haijaanza kuzungumza kwa niaba yake.

5. Yaliyo ndani ya uwezo wa shule

Jina. Mwalimu wa darasa lenye wanafunzi wengi hawezi kuwajua wote kwa siku moja, lakini anaweza kujiwekea lengo la majina matano kila siku. Darasa la wanafunzi 70 humalizika katika siku 14 za masomo. Mwanafunzi aliyeitwa kwa jina lake sahihi, likatamkwa kama mama yake anavyolitamka, amepata uthibitisho wa kwanza kwamba ameonekana.

Jembe. Kila mwanafunzi apewe kazi moja ambayo isipofanyika itaonekana: kutunza ufunguo wa darasa, kumwagilia miche mitano, kugawa vitabu, kuandika tarehe ubaoni, kupiga kengele, kuhesabu madawati. Kazi hizo zisiwe za adhabu, wala zisirundikwe kwa viranja wachache. Makala ya "Elimu ya Kujitegemea", aliyoitoa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1967, ilitaka shule iwe jumuiya ambamo wanafunzi na walimu hufanya kazi pamoja, na ilionya juu ya elimu inayomtenga mtoto na jamii yake. Shamba la shule linaweza kuwa mahali pa kuchosha watoto, na linaweza kuwa mahali pa kuwafanya wenyeji. Hutegemea kama wao wenyewe wanakula kilichovunwa na kama wanashirikishwa kuamua kitakachopandwa.

Ushuhuda wa waliotangulia. Katika juma la kwanza, wanafunzi kadhaa wa Kidato cha Pili na cha Tatu waelezwe wawasimulie wapya namna walivyoanza: walivyokuwa hawaelewi somo la Biolojia, walivyokaa bila rafiki, na kilichowasaidia. Wasichaguliwe wale wanaoshika nafasi za juu peke yao. Mwanafunzi wa kawaida aliyepata shida na kuivuka huaminiwa zaidi. Kisha kila mgeni apewe mwenzake mmoja wa kidato cha juu anayetoka kijiji kimoja naye au anayepita njia moja, wawe wakienda na kurudi pamoja.

Lugha. Mwalimu anaweza kuwaruhusu wanafunzi wajadiliane kwanza kwa Kiswahili, wawili wawili, ndipo watoe jibu kwa Kiingereza. Kucheka kosa la mwenzao kukatazwe tangu siku ya kwanza, na mwalimu mwenyewe awe mfano kwa kusahihisha bila kukejeli.

Kurudi baada ya kukosekana. Swali la kwanza analoulizwa mtoto aliyekosekana siku tatu huamua kama atarudi siku ya nne. "Ulikuwa wapi?" ni swali la polisi. "Tulikukosa, kuna nini nyumbani?" ni swali la mzazi. Kuhusu viboko, kanuni za mwaka 2002 zinataka vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe katika kitabu maalumu. Mtoto anayepokewa kwa fimbo langoni kila anapojaribu kurejea hujifunza somo moja tu, nalo ni kwamba kubaki nyumbani kuna nafuu.

Mwalimu wa malezi. Wanafunzi waelezwe waziwazi ni mwalimu gani anayeshughulikia malezi na ushauri, anapatikana wapi na saa ngapi. Inafaa wawe wawili, wa kike na wa kiume. Msichana aliyerejea shuleni baada ya kujifungua akutanishwe na mwalimu huyo kabla ya siku ya kwanza ya masomo, wapange pamoja atakaa wapi, atajibu nini akiulizwa na wenzake, na atafanya nini siku mtoto wake akiugua.

6. Yaliyo ndani ya uwezo wa mzazi na mlezi

Mzazi asiyejua Kiingereza wala hesabu za sekondari anaweza kudhani hana la kumsaidia mwanawe. Si kweli. Jioni anaweza kuuliza maswali ambayo hayahitaji vitabu: leo ulikaa na nani? Ni nani aliyekuchekesha? Ni mwalimu gani aliyekuita? Ni jambo gani lililokuudhi? Majibu ya majuma mawili humpa mzazi picha ambayo ripoti ya mwisho wa muhula haitampa.

Mzazi afike shuleni kabla hajaitwa. Ziara ya dakika kumi katika juma la pili au la tatu, kumsalimia mwalimu wa darasa na kumwambia neno moja kuhusu mtoto, hubadili mambo mengi. Mwalimu akijua kwamba mtoto fulani haoni vizuri kwa mbali, au amefiwa na baba mwaka uliopita, hatamwona tena kuwa mzembe. Na mtoto akiwaona mzazi na mwalimu wakizungumza kwa heshima, hung'amua kwamba nyumba yake na shule yake si pande mbili za ugomvi.

Mzazi ajihadhari pia na ulimi wake. Maneno kama "shule hizo za kata hazina kitu" au "umepelekwa huko kwa kuwa hukufaulu vizuri" humfika mtoto na kukaa. Atakuwaje mwenyeji mahali ambapo nyumbani kwao panadharauliwa?

Kwa mwenye mtoto mwenye ulemavu, Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya mwaka 2010 inalinda haki yake ya kupata elimu pamoja na wenzake. Mzazi asimfiche mtoto wala asione haya kueleza mahitaji yake: kukaa mbele, kupewa muda zaidi, kivuli wakati wa michezo kwa mwenye ualbino, au njia isiyo na ngazi kwa mwenye kigari.

7. Yaliyo ndani ya uwezo wa kata

Mtoto hufika shuleni akipita katikati ya watu. Mwenye duka, dereva wa bodaboda, mama lishe na mzee aliyekaa barazani wote humwona. Salamu ya "Mwanafunzi, masomo yanaendeleaje?" humjenga. Maneno ya kumtaka au kumdhihaki humvunja, hasa msichana anayetembea kilomita nyingi.

Bodi ya shule, kwa kushirikiana na mkutano wa wazazi, inaweza kuamua mambo manne yasiyo na gharama kubwa:

- Majina ya wazazi wanaodaiwa mchango wa chakula yashughulikiwe na kamati ya wazazi kwa faragha, na mtoto asitajwe wala asitengwe.
- Mzazi asiye na mahindi aruhusiwe kutoa kuni, maji au siku za kazi jikoni au shambani kwa makubaliano yanayoandikwa.
- Sare zilizobanwa au zilizoachwa na wahitimu zikusanywe mwezi Novemba, zifuliwe na kutengenezwa, kisha zigawiwe kwa siri mwezi Januari.
- Watoto watokao mbali wapangwe katika makundi ya njia, kila kundi likiwa na mtu mzima mmoja anayelijua.

Mtendaji wa kijiji au wa mtaa apatapo taarifa ya utoro, afike kwanza nyumbani kama mtu wa kusikiliza. Hatua za kisheria zipo na zina mahali pake, hasa pale ambapo mzazi amemwozesha au amempeleka mtoto kazini. Lakini wito wa kutisha ukitangulia mazungumzo, familia huficha sababu, na sababu isiyojulikana haitibiki.

Kuhusu ukatili, kutendewa vibaya au vitisho, mtoto na mtu yeyote mwenye habari anaweza kupiga simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, bila malipo. Mashauri yanaweza pia kupelekwa kwa Afisa Ustawi wa Jamii, Afisa Elimu Kata, au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kubaguliwa, na inampa haki ya kutoa maoni yake na kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Haki hiyo haikomi kwenye lango la shule.

8. Maswali ya kujadiliana

Maswali haya yanaweza kutumika katika kikao cha wazazi na walimu, mkutano wa kijiji au wa mtaa, au darasani. Inafaa washiriki wagawanyike katika makundi madogo, na wanafunzi wapewe nafasi ya kusema kabla ya watu wazima.

1. Katika shule iliyo karibu, ni mwanafunzi wa aina gani anayeweza kukosekana siku tatu bila mtu yeyote kuuliza? Kwa nini?
2. Mchango wa chakula unakusanywaje? Mtoto wa mzazi asiyechangia hupitia nini saa ya kula?
3. Orodha ya watoro ya muhula uliopita ikisomwa upya, ni wangapi ambao sababu yao inajulikana kwa hakika? Ni nani atakayekwenda kuwauliza waliosalia, na lini?
4. Msichana aliyerejea masomoni baada ya kujifungua amepokewaje na wanafunzi, na walimu, na majirani wa njiani?
5. Ni kazi gani za shule ambazo sasa hufanywa na viranja wachache au hutolewa kama adhabu, na ambazo zingeweza kugawanywa ili kila mwanafunzi awe na jembe lake?
6. Kila mshiriki ataje jambo moja atakalolifanya kabla ya muhula kwisha. Katibu ayaandike, na kikao kijacho kianze kwa kuyasoma.